Siku Tatu Nilizoisingizia Laini ya Simu

Ile Jumatatu ya masika naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: matope, majani ya migomba yaliyolowa na dawa ya kusafishia vidonda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimepakata kompyuta mapajani ndani ya pikapu ya parokia, tunapanda kwenda Kibosho, na barabara ilikuwa imeharibika kiasi kwamba dereva alisali kwa sauti kila tukifika kona. Mimi sikusali. Nilijiona najua kuliko watu wote wa mlima ule, na hapo sitii chumvi.

Nilikuwa fundi wa kompyuta. Nilipanga chumba kimoja pale Majengo, mjini Moshi. Mbele ya pazia natengeneza, nyuma ya pazia nalala. Siku hizo msichana kuwa fundi kilikuwa kichekesho. Mtu anaingia na mashine yake, ananitazama, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Namwambia ndiye mimi, anacheka, kisha anakaa kumsubiri fundi arudi. Mmoja alisubiri hivyo hivyo mpaka nikamkabidhi mashine yake ikiwa imepona. Kwa maisha ya namna hiyo nilijizuia kabisa kusema neno "sijui", na neno "nimekosea" ndiyo kabisa sikutaka kulisikia. Hilo ndilo lililoniponza.

Zahanati ya parokia iliendeshwa na Sista Klotilda, mtawa mfupi, mkali kwa wauguzi na mpole kwa wagonjwa. Alikuwa na kompyuta moja kuukuu iliyojaa virusi. Ilizimika mara mbili tatu kwa siku. Kazi yake kubwa ilikuwa barua pepe, na barua pepe za wakati ule zilikuja kwa simu. Wewe hukuyaona hayo. Intaneti haikuwa hewani. Waya wa simu ya mezani ulichomekwa nyuma ya kompyuta, na ndani ya kompyuta kulikuwa na kidude kinachoitwa modemu. Modemu inapiga namba ya kampuni ya Arusha, inalia mlio wa kuumiza meno, halafu barua zinashuka moja moja. Mvua ikizidi, laini inakwaruza, simu inakatika, unaanza upya.

Sista alikuwa anaisubiri barua moja. Kulikuwa na mtoto wa jirani anaitwa Adela, miaka sita, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Akipanda kile kilima cha kwenda shule alichuchumaa mara tatu njiani, midomo imebadilika rangi, wenzake wamesimama wanamsubiri. Kwa mwaka mzima Sista alikuwa ameiandikia hospitali moja ya ng'ambo iliyokuwa ikiwapasua watoto wachache bure, na hatimaye walisema majina yatatoka wiki ile.

"Nafasi ikitoka tunajibu ndani ya siku mbili," Sista aliniambia alipoileta mashine kwangu. "Tusipojibu, anapewa mtoto mwingine. Nataka kompyuta isiyozimika, Rozi. Si zaidi ya hapo."

Angeniambia mtu mwingine, ningesafisha virusi nikairudisha. Lakini siku hizo nilikuwa nimependa Linux kama watu wanavyopenda wachumba. Ulikuwa mfumo huria: wa bure, kila mtu ana ruhusa ya kuufungua aone ulivyotengenezwa, na virusi vya wakati ule havikuwa na habari nao. Rafiki yangu aliniazima sidii yake. Nilimweleza Sista kwa maneno mengi, akanisikiliza, akaniuliza swali moja tu.

"Na simu itapiga?"

"Itapiga, Sista. Bila wasiwasi."

Nikaifuta Windows yote, nikaweka Linux. Nilijaribu kuandika, ikaandika. Nilijaribu kuchapisha, ikachapisha. Nikaweka na picha ya Bikira Maria kwenye skrini ili masista wafurahi. Simu sikuijaribu, kwa sababu chumba changu hakikuwa na laini ya simu. Nilijiambia modemu ni modemu, nikaifunga kompyuta kwenye blanketi.

Sasa tuko Jumatatu hiyo, saa saba mchana. Nimeipanga mezani, Sista amesimama nyuma yangu, Mama Adela ameketi kwenye benchi la wagonjwa na mtoto mapajani. Alikuja makusudi, kusikia barua ikisomwa. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Hakuna mlio, hakuna kitu. Skrini ikaandika kwamba modemu haionekani.

Haikunichukua hata dakika kumi kujua kilichotokea. Kulikuwa na modemu kamili na kulikuwa na modemu nusu. Kamili hufanya kazi yake yenyewe yote. Ile nusu, kwa kuwa ilitengenezwa kwa bei rahisi, iliiachia Windows kazi yote ngumu. Ni kama yule baba anayejisifu barazani kuwa anafuga ng'ombe, kumbe majani anakata mkewe, maziwa anakamua mkewe, na samadi anazoa mkewe. Sista alikuwa na modemu nusu, na mimi nilikuwa nimemfukuza mke. Kilichobaki kilikuwa kipande cha bati chenye tundu la waya.

Nilijua, mwanangu. Nataka ulishike hilo. Saa saba mchana, siku ya Jumatatu, nilijua.

"Vipi?" Sista akauliza.

Nilitazama dirishani. Mvua ilikuwa inamwagika. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ni laini, Sista. Maji yameingia kwenye nyaya. Sauti inapita, lakini barua hazipiti. Ikikauka itakuwa sawa."

Sista akanyanyua simu, akasikia inavyokwaruza, akatikisa kichwa kukubali. Kule mlimani laini ya simu ilikuwa haikosi lawama. Mti ukianguka ni laini, waya ukiibiwa ni laini, mtu asipotaka kupokea simu ya shemeji yake ni laini. Uongo wangu ulikuta kiti kimeshawekwa.

"Kwa hiyo ni kesho?" Mama Adela akauliza.

"Kesho, mama," nikamjibu.

Sikuwa na nia mbaya, na hilo halinisaidii chochote. Mpango wangu ulikuwa huu: kulikuwa na watu wa kujitolea waliokuwa wakiandika programu ndogo za kuziamsha modemu nusu ndani ya Linux, na mimi nilikuwa na kadhaa kwenye sidii. Nitajaribu moja moja mpaka moja ikubali, na hakuna atakayejua. Masista wakanipa chumba cha wageni. Jumanne asubuhi na mapema nikaanza. Ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu ikaigandisha mashine nzima. Kila mlango ukifunguliwa nilishtuka kama mwizi.

Saa nne Sista akaingia amechangamka. "Nimempata Mzee Anselmi. Atakagua nguzo."

Mzee Anselmi alikuwa fundi wa laini za simu aliyestaafu, miaka inakaribia sabini. Alizipanda nguzo za mlima ule ujana wake wote, na alikuwa bado ameitunza ile simu ya kupimia, anaivaa begani kwa kamba. Nilimwona kupitia dirishani akiteremka kwenye mvua, koti jeusi la plastiki, hatua za tahadhari. Ningefungua dirisha nikamwita ingetosha. "Meku, rudi," maneno mawili tu; meku ndivyo tunavyomwita mzee. Niliinamia kibodi.

Alasiri alirudi na suruali imechanika gotini. Aliteleza akatumbukia kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, na maji yalikuwa yamejaa. Sista alimfunga goti hapo hapo mbele yangu.

"Huku juu ni safi," mzee alisema. "Kesho namalizia chini."

Nililetewa chai pamoja naye. Yeye alikunywa yake kwa raha. Yangu ilipoa mkononi, nikaimwaga nje watu walipoondoka. Niliona aibu, lakini sikusema. Niliona kuwa ukweli ulikuwa mgumu Jumatatu, na sasa baada ya lile goti ulikuwa mgumu mara mbili.

Jumatano saa tatu na nusu asubuhi akaingia tena. Mimi nilikuwa peke yangu.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba."

Akaketi. Akavua buti moja, akamwaga maji mlangoni, akavua la pili. Hakuwa na haraka.

"Nguzo arobaini na moja," akasema. "Nimezikagua zote. Nimepiga simu hapa nikiwa nguzo ya mwisho, nikamsikia muuguzi mpaka akipiga chafya. Laini ni nzima." Kisha akanitazama. "Sasa, mwanangu, mgonjwa ni nani?"

Nikaanza kumweleza habari za modemu kamili na modemu nusu, Windows na Linux, programu za kujitolea. Aliniacha nikamaliza.

"Sikukuuliza modemu," akasema. "Nimekuuliza mgonjwa ni nani."

"Ni mimi, meku." Nilikuwa nalia. "Nilifuta kitu ambacho simu ilikuwa inakitegemea, na sikujaribu. Laini haina kosa. Nilijua tangu juzi."

Nilitegemea anipige buti. Alisema kwa sauti ya chini, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Mimi nimekosea sana kwenye kazi. Niliwahi kuunganisha nyaya vibaya, simu za padri zikawa zinaita kwa muuza nyama. Watu wanataka kuungamishwa wanaulizwa wanataka kilo ngapi. Nilifokewa, nikapanda, nikarekebisha, mambo yakaisha. Lakini wewe umemwonyesha mtu mahali ambapo kosa halipo. Siku mbili natafuta pale ulipoonyesha. Na mtu anayetafuta pale hatafuti pengine. Nenda ukamwambie Sista sasa hivi, kabla sijavaa viatu."

Nikaenda. Sista alikuwa anapima dawa. Alinisikiliza, mikono ikasimama, akatazama saa ya ukutani. Hakufoka.

"Rozi," akasema, "mjini kuna kafe ya intaneti. Ungeniambia Jumatatu kwamba hii mashine haitapiga simu, ningeshuka siku ile ile nikawaandikia madaktari kutoka pale, wakanijibu pale pale. Nimekaa hapa kwa sababu umeniambia ni kesho."

Mwanangu, sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja. Chumba changu kilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye hiyo kafe. Nilikuwa nimejishughulisha na kuficha mpaka akili ya kutengeneza ikanikimbia.

Tukashuka na pikapu. Tulikwama kwenye tope mara mbili. Mara ya pili Sista mwenyewe alishuka akasukuma, shela lake limejaa matope, na mimi nasukuma pembeni yake nashindwa kumtazama. Tulifika kafe saa saba kasoro. Aliandika kwa kidole kimoja, mimi nikitamani kumnyang'anya kibodi na nikijua sina haki hiyo. Akatuma. Tukasubiri. Jibu halikuja, na pikapu ilikuwa inahitajika juu kumchukua mama mjamzito, akaniacha.

Mchana ule wote nilizunguka mji wa Moshi natafuta modemu kamili, ile ya nje inayokaa juu ya meza. Niliipata kwenye stoo ya ofisi moja ya kupandisha watalii mlimani, imefunikwa na hema bovu. Ilikuwa na ukubwa wa Biblia na taa ndogo nyekundu mbele. Nikaiomba, wakaniambia nichukue, wao wamepata nyingine.

Alhamisi asubuhi nikapanda nayo. Watu walikuwa wale wale: Sista nyuma yangu, Mama Adela kwenye benchi, mtoto mapajani amelala. Nikachomeka, nikabonyeza. Taa zikawaka. Ikapiga namba, ikalia ule mlio wake, na Linux ikaipokea kwa mara ya kwanza tu bila kuuliza swali. Siku nyingine ningeruka kwa furaha. Siku hiyo nilikuwa natazama barua tu.

Barua tatu zikashuka. Sista akazisoma kwa kufuatana, akitutafsiria.

Ya kwanza ilikuwa ya Jumatatu asubuhi. Nafasi ya Adela imepatikana, tunafurahi, tafadhali thibitisheni kabla ya Jumatano saa sita mchana. Ya pili ilikuwa ya Jumanne. Hatujasikia kutoka kwenu, tafadhali jibuni, kuna watoto wengine wanaosubiri. Ya tatu ilikuwa ya Jumatano jioni, inajibu ile ya kafe, wameituma kwenye anwani ya zahanati. Sista aliisoma kimya mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Wamempa mtoto mwingine," akasema. "Wamemweka Adela kwenye kundi la mwisho wa mwaka."

Ulikuwa mwezi wa nne. Mama Adela akamfunika mtoto miguu kwa khanga, akasema, "Laini hii itatuua."

Sista alinitazama mimi, akatoka nje, akaniachia niseme mwenyewe. Na mimi nikanyamaza tena. Mama Adela akamwinua mwanawe akaenda zake, akiilaani laini.

Nilimkimbilia Mzee Anselmi. Sisi Wachagga tuna isale, lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Ukimkosea mtu vibaya sana unampelekea jani la isale, wewe au mzee anayekwenda kwa niaba yako, na aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Nilimwomba mzee anipelekee kwa Mama Adela.

"Hapana," akasema. "Huyu mama anaichukia laini, wewe hakuchukii. Atasamehe nini? Unataka nimfunge mikono kwa mila kabla hajajua amefanyiwa nini? Nenda mikono mitupu, ukaseme."

Nilimkuta kwenye kihamba chake anakata majani ya ng'ombe, Adela amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu, mama. Saa saba."

"Kabla hujaniambia ni kesho?"

"Kabla."

Akafunga mzigo wake wa majani, akaubeba, akaingia zizini. Sikusikia neno lingine kutoka kwake mpaka mwaka ukaisha.

Mwezi wa sita Adela aliacha kwenda shule, kilima kilimshinda. Kila Jumamosi nilipanda na madaftari yake, nikamsomesha uani. Mama yake alinipita bila kunitazama, na ilikuwa haki yake. Nilihesabu pumzi za yule mtoto akisoma silabi, anapumzika baada ya kila mstari, na nilijua kila pumzi ile ngumu ilikuwa na jina langu. Desemba alisafiri. Februari alirudi, na siku ya tatu alikipanda kile kilima moja kwa moja mpaka juu, akasimama akitushangaa sisi wakubwa tunaolia.

Jioni ile Mzee Anselmi mwenyewe alikata isale, tukaenda wawili. Mama Adela alilipokea.

"Ungeniletea jani hili siku ile kabla ya kusema," aliniambia, "ningelipokea kwa sababu ni mila, na ningekuchukia mpaka kufa. Keti, chakula kiko jikoni."

Sasa nisikilize, wewe unayetengeneza simu za watu, unayeshona nguo za watu, unayeshika pesa au dawa za watu. Siku hizi una vya kusingizia vingi kuliko mimi: mtandao uko chini, umeme umekatika, sistimu imegoma. Watu watakuamini, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Utakosea, na wala usijiue kwa kukosea. Hata kujaribu kila kitu kabla ya kukabidhi, ambako nakuhimiza, hakutakumalizia makosa. Lakini siku kosa lako litakapomfikia mtu, hatakuuliza umevunja nini. Atakuuliza ulijua lini. Ishi kazini kwako hivi kwamba jibu lako liwe: nimejua sasa hivi, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Ukiwahi hivyo, aliyekosewa bado ana muda wa kutafuta njia nyingine, na huo muda ni wake, si wako wa kumficha.

Mungu aibariki mikono yako iweze kazi, aulegeze ulimi wako useme mapema, na watoto wa watu wapande vilima vyao salama mbele ya macho yako. Amina, mwanangu.